Barua za Bustani: Saladi Kwenye Jua Kali

Tangu jua lianze kukaza, barua ninazopokea zina kilio kimoja. Nimechagua sita na kuzipanga kwa kufuata umri wa mmea, kuanzia mbegu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kuliko zote, maana wengi wenu mnaniandikia kuhusu majani wakati mambo yaliharibika usiku ule wa kwanza mbegu ilipoguswa na maji.

Mbegu zimegoma

*Shikamoo mama. Mwezi huu nimesia saladi mara tatu kwenye trei. Nafukia mbegu sentimita moja, namwagilia kila asubuhi, na trei naziacha juani zipate joto. Katika pakiti mbili nimepata miche minne. Muuzaji ananihakikishia mbegu ni mpya. Je, nimelaghaiwa?* — Kijana wa trei

Marahaba mwanangu. Sidhani kama umelaghaiwa. Yaelekea mbegu zako ni nzima, ila zimelala.

Mbegu ya saladi, au letasi kama wengine mnavyoiita, ikinywa maji huku udongo umepita nyuzi joto 27 hadi 30 hivi, kutegemea aina, hujifunga. Haifi. Joto huifanya iendelee kutengeneza homoni ya usingizi, asidi ya absisiki, nayo hubaki ikisubiri ubaridi. Ikikaa siku nyingi kwenye unyevu na joto, usingizi huwa mzito, hata udongo ukipoa baadaye haiamki upesi. Kwa mmea ambao asili yake ni majira ya ubaridi, hiyo ni akili: mche mchanga ukitokeza katikati ya kiangazi hauna maisha.

Mwaka mmoja nilipoteza vitalu vitatu mfululizo. Daftari langu la wakati huo lina mstari usemao: mbegu 200, zilizoota 11. Nikalaumu mbegu, nikalaumu chungu, nikalaumu maji. Mwishowe nikachukua kipimajoto cha jikoni, nikakichomeka kitaluni kwa kina cha nusu sentimita, saa nane mchana. Kilisoma nyuzi 41. Hewa kivulini saa ileile ilikuwa 31. Tangu siku hiyo, kabla ya kusia chochote napima udongo kwanza, na ninakuomba na wewe upate kipimajoto kabla hujanunua pakiti ya tatu.

Sasa tazama saa zako. Muda wa hatari kwa mbegu ni saa chache za mwanzo tangu iguse maji. Wewe unamwagilia asubuhi, kwa hiyo mbegu inaanza kunywa saa moja, na ikifika saa sita iko ndani ya tanuri. Geuza ratiba: sia saa kumi na moja jioni, mwagilia hapohapo, ili saa zile nyeti ziangukie usiku. Huko Yuma, Arizona, ambako sehemu kubwa ya saladi inayoliwa Marekani wakati wa baridi hulimwa, wakulima huanza kusia jua la mwisho wa kiangazi likiwa bado linawaka. Hufungulia mitambo ya kunyunyiza maji alasiri ili mbegu inywe usiku, kisha huendelea kurusha maji kuupoza udongo hadi miche itokeze. Wao wana mitambo. Sisi tuna ndoo, ila saa ni ileile.

Kosa lingine ni kina. Mbegu ya saladi huota vizuri ikionja mwanga. Sentimita moja ni kaburi. Nyunyizia udongo mwembamba kiasi cha kuificha tu, milimita tatu, kisha ugandamize kwa kiganja.

Kama una friji, kuna njia ninayoiamini kuliko zote. Tandaza mbegu kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka ndani ya mfuko, ilaze kwenye friji siku mbili, mbali na sehemu ya kugandisha. Ukiitoa, isie jioni ileile. Asiye na friji aweke kitambaa chake sakafuni, kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote, usiku kucha. Trei nazo ziondoe juani. Ziweke kivulini, zisikae juu ya saruji wala bati, na uzifunike kwa gunia bichi. Chungulia kila asubuhi bila kukosa. Ukiona ncha nyeupe ya kwanza, gunia liondoke siku hiyohiyo, vinginevyo miche itarefuka kama uzi na kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga, kitaifyeka.

Ukiweza kupata mbegu zilizokwisha kuloweshwa na kukaushwa tena na watengenezaji, hizo huvumilia joto zaidi wakati wa kuota, ila hazikai: zitumie msimu huohuo. Na kuna jambo linalonipa moyo. Saladi mwitu, mama wa saladi tunayolima, ina aina ambazo mbegu zake huota hata kwenye udongo wa moto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walifuatilia tabia hiyo hadi kwenye jeni moja inayohusika na homoni ile ya usingizi, na tabia hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye saladi ya shambani kwa njia ya kawaida ya kupandanisha mimea.

Imerefuka kama mnara

*Saladi yangu huota vizuri, na hadi wiki ya nne inapendeza macho. Ikifika ya sita inarefuka ghafla, majani yanakuwa membamba na machungu kama shubiri. Nimeongeza mbolea na maji, wapi. Watoto wamekataa kuila. Nifanye nini irudi?* — Mama wa watoto wanne

Dada yangu, hairudi. Nakwambia mapema ili usiendelee kumwaga maji na mbolea bure. Shina la katikati likishaanza kurefuka, mmea umeamua kuzaa. Vunja jani la chini uone utomvu mweupe unavyotiririka. Jina lake la Kilatini, *Lactuca*, limetokana na neno la maziwa. Ndani ya maziwa hayo mna uchungu ambao mmea hujikingia na walaji, na unapojiandaa kutoa maua huuzidisha ili kulinda mbegu zake.

Kwenye michoro ya Misri ya kale saladi huonekana imesimama kama nguzo, karibu na Min, mungu wao wa uzazi. Waliikuza hadi ikawa ndefu vile, na mbegu zake walizikamulia mafuta. Kurefuka, basi, ndiyo asili yake. Tunachoweza ni kuichelewesha na kuiwahi.

Kuichelewesha kunaanza na aina. Zile zinazofunga kichwa kigumu kama kabichi ndizo ngumu kuliko zote kwenye joto, kwa sababu zinahitaji wiki nyingi za utulivu ambazo hali ya joto haitoi. Mimi niliziacha zamani na sijutii. Kundi la Batavia, lenye majani manene yaliyojikunja kidogo, ndilo ninalolitegemea: Nevada, Sierra na Muir. Katika zile ndefu, za kundi la romaine, jaribu Jericho, iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya mazingira ya jangwa. Imenivumilia kuliko ndugu zake wote. Kwa majani ya kuchuma moja moja kuna Salad Bowl, ambayo tangu ipewe All-America Selections, tuzo ya Marekani ya aina bora za bustani, mwaka 1952 bado inauzwa, na sababu unaiona bustanini.

Ubaridi wa mizizi ni jambo ambalo watu hawalitilii maanani. Huko Singapore watafiti wameikuza saladi majani yakiwa katika joto la kawaida la ikweta, huku mizizi ikining'inia ndani ya sanduku na kupuliziwa ukungu wa maji yaliyopozwa hadi kama nyuzi 20. Juu kunachemka, chini kuna ubaridi, na saladi inastawi. Hatuna masanduku hayo, lakini tuna nyasi kavu. Tandaza matandazo ya unene wa sentimita tano, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina. Kwenye tuta langu mwezi uliopita, alasiri moja, udongo mtupu kwa kina cha sentimita tano ulikuwa nyuzi 37 na ule ulio chini ya nyasi 29. Tofauti hiyo ndiyo chakula cha watoto wako. Mnaolima kwenye ndoo na makopo, rangi nyeusi ni adui: chombo kipake rangi nyeupe au ukitie ndani ya chombo kingine kikubwa, na mwanya kati yake ujaze nyasi.

Halafu kuiwahi. Usingoje mmea ukomae. Anza kuchuma majani ya nje siku ya 30 hivi, ung'oe mmea mzima kabla ya siku ya 45, na kila baada ya siku kumi sia kidogo, mstari mmoja tu. Mstari mmoja kila siku kumi hulisha nyumba vizuri kuliko tuta zima lililopandwa siku moja na kuchachuka siku moja. Chuma alfajiri, majani yakiwa yamejaa maji ya usiku, uyatumbukize mara moja kwenye maji baridi. Jani lilelile ukilichuma saa nane mchana ni kitu kingine kabisa mdomoni.

Mbolea ya naitrojeni acha. Inasukuma majani mepesi yanayonyauka kabla ya adhuhuri. Samadi iliyooza vizuri, iliyochanganywa na udongo kabla ya kupandikiza, inatosha kwa mmea unaoishi wiki sita.

Neti imeniharibia

*Nilifuata ushauri wako wa kivuli. Nikafunga neti nyeusi ya asilimia 80 juu ya vijiti vya nusu mita. Saladi zimerefuka, zimepauka, zinalala chini. Nimekosea wapi?* — Mwenye neti nyeusi

Pole. Ukali wa neti haufai, na iko chini mno. Neti ya asilimia 80 huzuia mwanga mwingi kuliko saladi inavyoweza kuvumilia. Yenyewe hutaka ya asilimia 30 hadi 50, na mimi husimama kwenye 40. Neti nyeusi hunywa jua na kuwa ya moto. Ikikaa nusu mita juu ya majani, hewa ya chini haina pa kutokea, na umejenga chumba cha mvuke. Ipandishe ifike mita mbili, pande zote ziwe wazi, upepo upite. Ukipata nyeupe au yenye nyuzi za kung'aa, ni afadhali zaidi, kwa sababu hurudisha jua badala ya kulimeza.

Usiitoe yote kwa mkupuo. Majani yaliyokulia gizani yataungua siku moja. Iache wazi asubuhi hadi saa tatu kwa siku mbili, kisha hadi saa nne, na mwishowe ifunike kati ya saa tano na saa kumi pekee. Jua la asubuhi ni la saladi, usilinyime.

Na kama neti ni ghali kwako, panda kivuli. Mstari wa mahindi, au kunde ndefu zilizopandishwa kwenye fito, upande wa magharibi wa tuta, huzuia lile jua la alasiri linaloukuta udongo ukiwa tayari una moto. Yapande mahindi mwezi mmoja na nusu kabla ya saladi, yawe yamefika kifuani. Kivuli cha mmea kina faida ambayo neti haina, kwa kuwa mmea unapumua maji na kupoza hewa iliyo karibu nao. Lakini nao unakunywa. Ongeza maji upande huo.

Kingo nyeusi

*Majani ya ndani ya saladi yangu yana kingo nyeusi kana kwamba yameunguzwa. Ya nje ni mazima. Ni ugonjwa? Jirani amenishauri nimwagie maji ya maganda ya mayai.* — Msomaji mpya

Si ugonjwa, na tatizo hili haliambukizi. Kalisiamu husafiri pamoja na maji, na maji hukimbilia majani ya nje yanayopumua sana. Jani changa lililojificha katikati hukosa mgawo wake, na ukingo hufa. Mara nyingi kalisiamu udongoni ipo tele. Kinachokosekana ni maji ya kuifikisha, hasa yanapokuja leo mengi na kesho kidogo. Mwagilia kiasi kilekile kila siku, asubuhi na tena jioni siku za jua kali, na uchague aina isiyofunga kichwa. Maganda ya mayai yatie kwenye mboji, huko yana kazi, lakini huchukua miezi kuoza. Kata sehemu nyeusi, iliyobaki ni chakula.

Maua ya nyanya yanadondoka

*Mama, nimeacha saladi, nimehamia kwenye nyanya nikidhani zinapenda jua. Mimea ni mikubwa, imejaa maua, lakini yanakauka kwenye kikonyo na kudondoka. Wiki iliyopita kulipoa siku tatu, nikajua sasa zitashika. Bado yanadondoka.* — Mkulima wa jioni

Ndugu yangu, nyanya inapenda jua, ila chavua yake haipendi moto. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya 21, chavua huharibika na ua halishiki tunda. Usiku ndio unaosahaulika. Mtu hutazama jua la mchana na kusahau kwamba usiku wa moto humnyima mmea mapumziko.

Sasa sikiliza kuhusu zile siku tatu za ubaridi. Chavua huharibika zaidi ikiwa bado inaundwa, kati ya siku 8 na 13 kabla ua halijafunguka. Ua lililodondoka leo liliumia wiki moja au mbili zilizopita. Kwa hiyo usibadilishe kila kitu kwa hofu ya ulichokiona asubuhi, na zaidi ya yote usimwage mbolea. Subiri. Ubaridi ule utauona kwenye maua yatakayofunguka wiki ijayo.

Wakati unasubiri, tandaza nyasi, weka kivuli chepesi cha asilimia 30, na saa tatu asubuhi tikisa kila kijiti ulichofungia mmea, chavua iliyosalimika ipate kudondoka mahali pake. Msimu ujao panda nyanya ndogo za kichala, ambazo hushika tunda kwenye joto ambalo kubwa zimeshindwa. Kituo cha Mboga Duniani kilichoko Taiwan, kilichoanzishwa mwaka 1971, kimekuwa kikizalisha nyanya za nchi za joto tangu mwanzo wake, na jamii yake ya CL5915 imetumiwa sana kama mzazi. Ukimwona muuza mbegu anayejua kazi yake, muulize kama aina anayokupa ilijaribiwa kwenye usiku wa joto. Swali hilo peke yake litakuonyesha nani anajua na nani hajui.

Na zikishashika, usiziache ziivie juani. Joto likipita nyuzi 30 na ushee, rangi nyekundu haiundwi vizuri, nyanya inabaki ya machungwa na mabegani ina njano ngumu. Ichume inapoanza tu kupata wekundu, iivie ndani, kivulini, bila kuitia kwenye friji.

Nipande nini joto likizidi kabisa?

*Mimi ni mwalimu mstaafu, magoti hayaniruhusu kubeba ndoo mara mbili kwa siku. Napenda majani mabichi kwenye sahani yangu. Miezi miwili ya moto kuliko yote saladi na spinachi zote zinanikatalia. Kuna mbadala wa kweli, au unanishauri nipumzike?* — Mwalimu mstaafu

Shikamoo mwalimu. Usipumzike. Badili mimea.

Kwanza neno kuhusu spinachi. Mboga pana yenye mshipa mnene mweupe ambayo wengi tunaiita spinachi ni ndugu wa kiazi chekundu (bitiruti), na huvumilia joto kiasi. Ikipewa matandazo na kivuli cha alasiri itakupa majani miezi mingi. Spinachi yenyewe, ile yenye majani madogo laini, hukimbilia maua joto na mchana mrefu vinapokutana, na sikushauri uipe hata siku moja ya maji yako.

Mchicha ndio wa kwanza kwenye tuta langu miezi hiyo. Mimea mingi ikipata moto huanza kupoteza nguvu, kwa sababu chombo chake cha kunasa hewa ukaa huanza kunasa oksijeni kimakosa. Mchicha, pamoja na mgagani, una namna ya kuisukuma hewa ukaa hadi ndani kabisa ya jani, kwa hiyo kosa hilo haulifanyi, na kwa kila tone la maji hujenga jani kubwa kuliko saladi. Mahindi na miwa hufanya hivyohivyo. Sia mzito, ng'oa ukiwa na urefu wa kiganja, siku ya 25 hivi. Kwa sahani mbichi, majani hayo machanga, machache, yanapendeza, yaliyokomaa yapike.

Kuna pia spinachi ya New Zealand, mmea unaotambaa na wenye majani ya pembe tatu. Mabaharia wa James Cook, waliofika huko mwaka 1769, waliila kujikinga na kiseyeye. Mbegu zake ni ngumu kama kokoto: zilowe usiku kucha, na uwe na subira ya wiki mbili tatu. Ikishashika hufunika udongo yenyewe, hivyo inajitandazia. Majani yake yachemshe kidogo na umwage maji, kwa ajili ya chumvichumvi ya oksaliki iliyomo.

Lakini kwa magoti yako, mwalimu, ningekupa nderema. Ni mmea wa kupanda juu, kwa hiyo unachuma ukiwa umesimama. Jani lake ni nene, linang'aa, lina utelezi kidogo linapotafunwa, na ndilo pekee kati ya haya ninalolila bichi kila siku ninapokosa saladi. Jua linalochachusha saladi ndilo linaloinenepesha. Pata kipande cha shina chenye urefu wa shubiri na vifundo vitatu, ondoa majani ya chini, chomeka vifundo viwili udongoni jioni, kwenye ndoo kubwa moja iliyojaa udongo na mboji. Baada ya wiki mbili itakuwa imeshika mizizi. Mpe kamba au fito ya mita mbili, kata ncha ikifika kifuani ili itoe matawi, na ukiona vichipukizi vya maua vichume. Ndoo hiyo tandaza nyasi juu, na maji mwombe mtu akujazie chupa kubwa ya plastiki, uitoboe tundu dogo kwenye kifuniko, uipindue, shingo yake uichomeke udongoni pembeni mwa shina. Anza na vipande viwili. Vinatosha kwa sahani ya mtu mmoja.